Makao ya Kukaa Muda Mrefu Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wenye pasipoti za Afrika Mashariki na Kongo wanaopanga kuizunguka Ulaya kwa wiki nne hadi siku 90 huku wakiwa na mahali pamoja pa kufikia: nyumba yenye jiko, ufunguo mfukoni, nguo zimetundikwa kabatini. Mfano tutakaoutumia zaidi ni Bologna, kaskazini mwa Italia. Mji huo unaifaa sana kazi hii, na wageni wengi huupita ndani ya treni bila kushuka.

Kwa nini nikae mahali pamoja badala ya kuhama mji hadi mji?

Kwa sababu ya saa tano unazozipoteza kila unapohama. Sehemu nyingi za kulala hutaka utoke saa nne asubuhi, na kule unakokwenda hupewi ufunguo kabla ya saa tisa alasiri. Katikati hapo unaburuta begi, unatafuta pa kuliacha, unakaa mgahawani usiouhitaji. Ukihama mara 12 katika safari ya siku 60, umepoteza saa 60, yaani mchana mzima wa siku tano, na muda wa treni bado hujauhesabu. Bandu bandu huisha gogo.

Pesa nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Anayelala siku mbili mbili hulipa ada ya usafi kila anapoingia, hulipa bei ya siku moja moja, na hula nje asubuhi, mchana na jioni kwa kuwa hana jiko. Mwenye makao hupata bei ya mwezi, hupika, hufua, na akienda Firenze kutwa hubeba mkoba wa begani tu.

Safari isiyofika siku 14 haina haja ya mpango huu. Vilevile, kama shida yako ni kuiona Lisbon na Warsaw kwa mkupuo mmoja, hakuna mji utakaokuwa karibu na zote mbili. Panga safari ya kuhama na ukubali gharama yake.

Niwe na makao mangapi?

Kwa siku 30, mamoja. Kwa siku 60, mawili. Kwa siku 90, mawili au matatu, wala si zaidi. Wiki ya kwanza yote huishia kwenye kujua duka la karibu, basi la kurudi usiku na namna jiko linavyowashwa. Ukihama baada ya siku kumi, unaondoka ukiwa umemaliza kujifunza na hujaanza kufaidi.

Nitajuaje kama mji unafaa?

Chukua ramani ya reli, weka kidole kwenye mji huo, kisha andika kila mahali unapotaka kufika ndani ya saa mbili kwa treni isiyobadilishwa. Zikipatikana sehemu nane au zaidi, endelea kuuchunguza. Zikiwa tatu, uache, hata kama picha zake ni nzuri namna gani. Safari ya saa mbili kwenda na mbili kurudi inakuachia mchana wa kutosha, lakini ya saa tatu na nusu inakufanya urudi umechoka na umeona nusu.

Baada ya hapo uliza mambo matatu. Je, treni zote zinapita stesheni moja, au utavuka mji mzima kwenda stesheni nyingine? Je, kodi iko chini ya ile ya miji maarufu inayouzunguka? Je, uwanja wa ndege unapokea shirika unaloweza kulipanda kutoka nyumbani kwa kubadilisha ndege mara moja?

Bologna inapita vizuri. Kwa treni ya kasi, Firenze ni dakika 40 au chini yake, Milano ni saa moja na dakika chache, Venezia saa moja na nusu, Roma saa mbili na robo hivi. Kwa treni za kawaida, ambazo nauli yake haipandi hata ukinunua dakika ya mwisho, unafika Modena, Parma, Ferrara na Ravenna. Ndege za Emirates kutoka Dubai na za Turkish Airlines kutoka Istanbul hutua hapo hapo mjini. Kutoka uwanjani, kitreni kiitwacho Marconi Express hukufikisha stesheni kuu kwa dakika zisizofika kumi.

Miji mingine ipi yenye sifa kama hizo?

Lyon, kwa anayetaka Ufaransa. Paris ni kama saa mbili, Marseille saa moja na dakika 40 hivi, Geneva kama saa mbili, na Annecy, Avignon na Dijon zote ziko ndani ya zile saa mbili. Stesheni ya kuangalia ni Part-Dieu.

Brussels, kwa anayetaka nchi nyingi kwa muda mfupi. Paris haifiki saa moja na nusu, Amsterdam na Köln ni kama saa mbili kila moja, na miji ya Ubelgiji yenyewe kama Gent, Antwerpen na Brugge ni ya kwenda baada ya chai na kurudi kabla ya chakula cha usiku. Kwa msomaji wa Kongo, Burundi au Rwanda kuna faida ya ziada: Kifaransa kinasikika kila mahali, ndege za moja kwa moja kutoka Kinshasa, Bujumbura, Kigali na Entebbe zipo, na mtaa wa Matonge kule Ixelles, uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, una maduka ya pondu, samaki wakavu na mafuta ya mawese.

Vienna, kwa upande wa mashariki: Bratislava saa moja, Budapest na Salzburg saa mbili na nusu hivi, Praha saa nne, ambayo ni ya kulala huko usiku mmoja.

Köln tunaipendekeza kwa sharti moja, kwamba uwe tayari kwa treni za Ujerumani zinazochelewa. Faida yake ni tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63 na inakupandisha treni zote za mikoa, mabasi na tramu nchi nzima. Haifai kwenye treni za kasi za ICE wala kwenye zile za masafa marefu za IC. Tena ni ya kujiandikisha: usipoifuta kabla ya kupita tarehe 10 ya mwezi, unakatwa na mwezi unaofuata. Watu wengi wamerudi nyumbani na kukuta kadi yao ya benki bado inakatwa.

Mbona hamjataja Paris wala Roma kama makao?

Ni miji ya kutembelea, tena kwa siku nne au tano kila mmoja. Kama makao, Paris ina tatizo la stesheni: treni za kaskazini hutoka Gare du Nord, za mashariki Gare de l'Est, za kusini Gare de Lyon, za magharibi Montparnasse, na kila moja iko upande wake. Roma iko chini sana kwenye ramani, kwa hiyo kila safari ya kaskazini huanza kwa saa mbili unazozilipa tena na tena. Kodi nayo katika miji yote miwili ni ya juu.

Makao yanahusianaje na viza?

Kwa kiasi kikubwa, na hapa ndipo mipango mingi inapoharibika. Maombi ya viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi 29 za Ulaya zinazohesabiwa kama eneo moja la kuingia, hupelekwa katika ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi utakayoingilia kwanza. Kwa hiyo ukichagua makao umeshachagua ubalozi. Anayesema makao yake ni Bologna kwa siku 40 halafu akaomba kwa nchi nyingine kwa sababu amesikia huko ni rahisi, amejiandikia mwenyewe sababu ya kunyimwa. Baadhi ya nchi hazina ofisi ya viza katika kila nchi yetu. Hapo maombi hupokelewa na ubalozi mwingine kwa niaba yake, lakini kanuni ya siku nyingi haibadiliki.

Viwango vya kukariri ni hivi. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na mdogo zaidi halipi. Bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, inayofanya kazi nchi zote za Schengen, kuanzia siku ya kuingia hadi ya kutoka. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku yako ya kuondoka. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na jibu la kawaida huchukua siku 15 ila linaweza kufika 45. Tunashauri upeleke miezi mitatu kabla, maana kupata tu miadi ya kupeleka fomu kunaweza kula wiki kadhaa.

Usilipie tiketi ya ndege isiyorudishika wala nyumba isiyorudishika kabla ya viza kutoka. Oda inatosha. Na siku zilizo kwenye oda ya nyumba, kwenye bima, kwenye ratiba na kwenye barua ya ruhusa ya kazini ziwe zilezile, tarehe kwa tarehe. Afisa huanza kwa kuzilinganisha hizo.

Siku 90 zinahesabiwaje?

Ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na dirisha hilo la siku 180 linasogea nawe kila siku. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Chukua mfano wa aliyeingia tarehe 1 Aprili na kukaa mfululizo: siku yake ya 90 ni tarehe 29 Juni, na siku hiyo awe ameshavuka mpaka. Haruhusiwi kurudi mpaka tarehe 28 Septemba, siku ambayo ile 1 Aprili inakuwa imetoka dirishani.

Hesabu ni ya nchi zote 29 za Schengen kwa pamoja. Kutoka Italia kwenda Uswisi hakukurudishii siku hata moja, maana Uswisi imo, ingawa haimo katika Umoja wa Ulaya. Kroatia imo tangu 2023. Romania na Bulgaria zimo kikamilifu tangu 1 Januari 2025, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kwenda Bukarest kupumzisha siku usiufuate. Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja ina viza yake.

Tangu 12 Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo wa kompyuta unaochukua picha ya uso na alama za vidole mpakani badala ya muhuri. Kompyuta hiyo inahesabu siku yenyewe, na haibishani na mtu.

Nisome nini kwenye stika ya viza?

Ukifika nayo nyumbani, kaa chini, ifungue, usome mistari mitatu. Wa kwanza una tarehe mbili, kuanzia na mpaka. Wa pili ni idadi ya kuingia: 1, 2 au MULT. Wa tatu ni idadi ya siku za kukaa. Kosa lililozoeleka ni kusoma tarehe tu. Stika inaweza kuwa na nafasi ya siku 75 kati ya tarehe zake mbili huku siku za kukaa zikiwa 60. Hizo 15 za ziada ni za kukupa uhuru wa kusogeza safari, hazikuongezei kukaa. Anayekaa mpaka tarehe ya mwisho iliyoandikwa amezidisha siku 15, na rekodi hiyo itamfuata kwenye maombi yake yote yajayo.

Idadi ya kuingia nayo ina maana kubwa. Ukiwa na 1, ukipanda treni ya Brussels kwenda London hata kwa siku moja, umeshatoka na huna ruhusa ya kurudi kwenye makao yako na begi lako. Kama London iko kwenye mpango, omba MULT na uandike sababu kwenye ratiba. Iwapo umepewa 1 tu, London iwe mwisho wa safari.

Nataka zaidi ya siku 90. Inawezekana?

Kwa viza ya utalii, hapana. Zaidi ya hapo ni viza ya taifa, inayoitwa D, na kila nchi ina masharti yake: masomo, kazi, familia, au kipato kinachotoka nje bila kazi ya hapo. Njia ya halali kwa mtalii ni kugawa safari: siku 90 za Schengen, kisha Uingereza au Ireland kwa viza yake. Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza huruhusu hadi miezi sita kwa safari moja.

Ukizitumia viza zako vizuri, mambo hulainika. Kanuni zinaelekeza kwamba aliyepata na kutumia kihalali viza tatu ndani ya miaka miwili apewe ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi, kisha ya miaka miwili, kisha ya miaka mitano.

Huko Bologna, nyumba niitafute mtaa gani na lini?

Tafuta ndani ya dakika 20 za kutembea kutoka Bologna Centrale. Bolognina, nyuma ya stesheni upande wa kaskazini, ni mtaa wa wahamiaji wa mataifa mengi: bucha za nyama ya halali, maduka ya viungo, kodi ya chini kuliko mjini kati. Mjini kati, ndani ya njia ya mzunguko, kuna uzuri wa zile baraza ndefu zenye nguzo ziitwazo portici, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2021. Mvua ikinyesha unavuka mji bila mwavuli. Gharama yake ni kelele: huu ni mji wa chuo kikuu kinachohesabu umri wake tangu 1088, na wanafunzi hukesha barazani. Ukichukua chumba kinachotazama mtaa karibu na Via Zamboni, usilalamike baadaye.

Angalia kalenda ya maonyesho ya biashara kabla ya kuweka oda. Wiki za maonyesho, hasa ya vipodozi mwezi Machi na ya vitabu vya watoto majira ya kuchipua, bei za malazi hupanda mno. Septemba nayo ni ngumu, maana wanafunzi wanarudi kutafuta vyumba.

Nimuulize mwenye nyumba nini kabla ya kulipa?

Kwanza namba ya CIN, yaani namba ya usajili wa nyumba. Tangu Januari 2025 kila nyumba ya kukodisha kwa muda mfupi Italia lazima iwe nayo na ionyeshwe kwenye tangazo. Nyumba isiyo na CIN iache. Ama haijasajiliwa, ama haipo kabisa.

Pili, muda. Mkataba wa zaidi ya siku 30 lazima usajiliwe kwenye ofisi ya mapato ya serikali, na wewe utahitaji namba ya mlipakodi ya Italia, codice fiscale, ambayo hutolewa bure. Ndiyo sababu wenye nyumba wengi hukomea siku 28 au 30. Kwa siku 28 majukwaa mengi ya kukodishia nyumba mtandaoni hutoa bei ya mwezi. Ukitaka siku 40, usishangae wakikutaka mkataba wa muda maalumu wenye amana.

Kisha uliza mambo ya ndani: ghorofa ya ngapi na kama kuna lifti (majengo mengi ya zamani hayana, na ghorofa wanayoiita ya kwanza ni juu ya ile ya chini), mashine ya kufulia ni ya nyumba au ya jengo zima, kipoza hewa kipo kama unakwenda Julai, swichi kuu ya umeme iko wapi, na kadi ya kufungulia mapipa ya taka utapewa au la. Hili la mwisho watu hulidharau, halafu wanazunguka na mfuko wa taka usiku.

Usitume pesa kwa hawala au kwa akaunti ya mtu binafsi kabla ya kuiona nyumba. Anayesema yuko nje ya nchi na funguo zitakuja kwa posta ni tapeli, kila mara.

Je, lazima niripoti polisi?

Italia, ndiyo, ila mara nyingi hufanyiwa. Mwenye hoteli au nyumba ya kukodisha hupeleka majina yako polisi kwa mtandao ndani ya saa 24, ndiyo maana anataka pasipoti. Ukifikia kwa ndugu au rafiki, yeye ndiye anayepaswa kutoa taarifa ya ugeni ndani ya saa 48. Na kama umeingia Schengen kupitia nchi nyingine, tuseme Amsterdam, na hukufikia kwenye malazi yanayokuandikisha, wewe mwenyewe nenda ofisi ya polisi iitwayo Questura ndani ya siku 8 kutoa tamko la kuwapo. Omba nakala yenye muhuri na itunze pamoja na pasipoti.

Umeme unakatika nikipika. Nyumba ni mbovu?

Nyumba ni nzima. Kaya nyingi za Italia zina mkataba wa kilowati 3 tu. Birika la umeme linakula kama 2, oveni 2, mashine ya kufulia ikipasha maji karibu 2. Washa viwili kati ya hivyo kwa wakati mmoja, mita inajizima. Zima kimoja, nenda kwenye mita, pandisha swichi. Tatizo ni kwamba mita inaweza kuwa chini ya ngazi za jengo, kwenye kabati lenye ufunguo, na wewe uko gizani ghorofa ya nne. Ndiyo maana tumesema uulize mapema.

Maji ya moto yakikosekana, tazama boila ya gesi ukutani, ile caldaia. Ina kigeji cha mgandamizo, na mshale unatakiwa uwe kati ya 1 na 1.5. Ukiwa umeshuka karibu na sifuri boila hukataa kuwaka. Usifungue koki yoyote. Piga picha ya kigeji umtumie mwenye nyumba akuelekeze.

Joto la nyumba katika majengo yenye mfumo wa pamoja huwashwa kwa sheria, na kwa Bologna kipindi ni 15 Oktoba hadi 15 Aprili. Mwanzoni mwa Oktoba na mwishoni mwa Aprili usiku unaweza kuwa wa baridi na vyuma vya kupashia joto ukutani vikabaki vya baridi vilevile. Beba sweta.

Umeme wenyewe ni volti 230 kama kwetu, ila plagi za miguu mitatu ya bapa za Tanzania na Kenya haziingii. Nunua adapta mbili kabla ya kuondoka.

Tiketi za treni zina mitego gani?

Mtego wa kwanza ni wa lugha yetu. Tiketi inaandikwa kwa saa 24: 07:05 ni saa moja na dakika tano asubuhi, na 19:05 ni saa moja na dakika tano usiku. Aliyezoea kusoma 7 kama saa saba atafika stesheni mchana wakati treni ilishaondoka asubuhi. Andika pembeni saa ya Kiswahili mara tu unaponunua.

Wa pili ni aina ya treni. Za kasi (Frecciarossa na Italo, za kampuni mbili tofauti) zina kiti chenye namba na bei inayopanda kadiri siku inavyokaribia, kwa hiyo nunua wiki tatu hadi nne kabla. Tiketi ya Italo haipandi Frecciarossa wala kinyume chake, hata kama zinaondoka kwa kupishana dakika kumi. Treni za mikoa nauli yake ni moja, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyo stesheni kabla ya kupanda, na ya kwenye simu lazima uithibitishe kabla ya kuanza safari. Asiyefanya hivyo hutozwa faini ingawa amelipa nauli.

Wa tatu ni stesheni ya Bologna yenyewe. Treni za kasi huondoka majukwaa 16 hadi 19, ambayo yako chini kabisa ardhini. Kutoka mlango wa mbele weka dakika 10 nzima. Juu kuna majukwaa yenye neno Ovest au Est nyuma ya namba. "3 Ovest" si jukwaa la 3, ni jingine, mwisho wa upande wa magharibi. Soma neno zima.

Migomo hutangazwa mapema, na neno la kulitafuta ni sciopero. Siku za kazi, treni za mikoa zilizohakikishwa hupita kati ya 06:00 na 09:00 na kati ya 18:00 na 21:00. Panga kurudi ndani ya saa hizo.

Na usiende Firenze Jumatatu kwa ajili ya Uffizi, maana siku hiyo imefungwa. Venezia, tangu 2024, katika siku maalumu za majira ya kuchipua na kiangazi, mgeni wa kutwa hulipia kuingia. Lipa kwa mtandao kabla, ukichelewa bei huongezeka.

Tiketi ya jumla ya Eurail haifai?

Inafaa anayehama. Mwenye makao huipoteza kwa safari za dakika 40. Tena Italia, Ufaransa na Hispania hutoza ada ya kiti juu yake kwenye treni za kasi.

Msimu upi?

Kwa Bologna, katikati ya Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, au Septemba mwishoni hadi Oktoba. Julai na Agosti bonde la mto Po huwa na joto zito lenye unyevu linalofanana na Dar ya Februari ila bila upepo wa bahari, na karibu na tarehe 15 Agosti maduka mengi ya mtaani hufungwa wenyewe wakiwa likizo. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kule Stockholm huzama kabla ya saa tisa alasiri, na giza hilo humlemea mtu wa ikweta kuliko baridi yenyewe. Wa mara ya kwanza asichukue makao ya kaskazini majira ya baridi.

Nibebe chakula gani kutoka nyumbani?

Nyama na vitu vya maziwa ni marufuku kuingia Umoja wa Ulaya, na samli imo kwenye marufuku hiyo. Samaki wakavu huruhusiwa hadi kilo 20. Matunda mabichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano: ndizi, nazi, nanasi, tende na duriani.

Unga usihangaike nao. Italia ya kaskazini ni watu wa mahindi. Kwa ugali tafuta unga mweupe wa polenta, polenta bianca, uliosagwa laini. Kwenye pakiti usiwe na neno istantanea, kwa sababu huo umeshapikwa kiwandani: utaukoroga upendavyo na hautashika. Ule wa njano hutoa ugali mzuri ila wa chengachenga, na unataka moto mdogo kwa dakika 40 hivi.

Nitafikia kwa ndugu. Nahitaji nini?

Karatasi kutoka kwake, na kila nchi ina yake. Ufaransa ni attestation d'accueil inayotolewa na ofisi ya meya wa mtaa wake. Ujerumani ni Verpflichtungserklärung ya ofisi ya wageni, ada euro 29, na kwa kuisaini ndugu yako anabeba gharama zako zote kisheria. Mweleze hilo waziwazi kabla hujamwomba. Nakala ya simu haitoshi, inatakiwa halisi, kwa hiyo hesabu muda wa posta.

Siku ya kuondoka nifanye nini?

Usiku wa kuamkia, piga picha kila chumba, jiko na mita, umtumie mwenye nyumba huku ukiuliza amana itarudi tarehe gani. Nunua tiketi ya kwenda uwanjani kabla. Kama unatoka Bologna kupitia Istanbul au Dubai, mpaka wa Schengen unauvuka hapo hapo Bologna. Kama unabadilishia ndege Amsterdam, unauvukia Amsterdam, kwa hiyo siku yako ya mwisho ni ile unayopita dirisha la Amsterdam. Ndege ikiondoka Bologna jioni na ya Amsterdam ikawa baada ya saa sita usiku wa siku ya 90, umeingia siku ya 91.